Maswali na Majibu: Kubadili treni Frankfurt Hauptbahnhof ukiwa na mizigo

SWALI: Habari za kazi. Nimepata nafasi ya masomo Chuo Kikuu cha Bayreuth, Ujerumani. Nitatua uwanja wa ndege wa Frankfurt alfajiri, nikitokea Dar es Salaam kupitia Addis Ababa. Nimeshanunua tiketi ya treni ya ICE (treni ya mwendo kasi) inayoondoka Frankfurt (Main) Hbf, yaani Hauptbahnhof au kituo kikuu, saa 10:22 kwenda Nürnberg, na huko nabadili treni ya kwenda Bayreuth. Ni tiketi ya bei nafuu, behewa namba 23, na imeandikwa Gleis 7 (njia ya reli namba 7). Nina mabegi mawili makubwa na sijawahi kupanda treni Ulaya. Nikiangalia picha za kituo hicho nachanganyikiwa. Nifanyeje nisipotee, na nikiachwa na treni itakuwaje?

JIBU: Hongera sana kwa nafasi hiyo. Kabla ya yote, 10:22 ni saa ya mtindo wa saa 24, yaani kwetu ni saa nne na dakika 22 asubuhi. Treni ya saa kumi jioni ingeandikwa 16:22. Ujerumani iko nyuma ya Afrika Mashariki kwa saa mbili majira ya baridi na saa moja majira ya joto, kwa hiyo hakikisha simu imejirekebisha ukishatua.

Uwanja wa ndege wa Frankfurt una stesheni mbili, na hapa ndipo wengi wanapoanza kupotea. Regionalbahnhof iko chini ya Terminal 1, ina njia 1 hadi 3, na ni ya treni za mjini na za mkoa. Fernbahnhof iko upande wa pili wa barabara, unaifikia kwa daraja la waenda kwa miguu kutoka Terminal 1, ina njia 4 hadi 7, na ni ya treni za masafa marefu. ICE nyingi za kwenda Nürnberg husimama Fernbahnhof kabla ya kuingia Frankfurt Hbf, kwa hiyo kama ungekuwa hujanunua tiketi, ushauri wetu ungekuwa uinunue kuanzia "Frankfurt(M) Flughafen Fernbf" na usiguse kituo kikuu kabisa. Kwa kuwa tiketi yako inaanzia Hbf, haikufuniki kipande cha kutoka uwanjani hata kama treni yako inapita hapo. Inabidi ufike mjini kwa tiketi nyingine.

Teremka hadi Regionalbahnhof, nunua tiketi ya kwenda Frankfurt kwenye mashine kabla ya kupanda, kisha panda treni ya mjini (S-Bahn) ya S8 au S9. Angalia treni inaelekea wapi: unayoitaka imeandikwa Hanau au Offenbach Ost. Ikiwa imeandikwa Wiesbaden au Mainz, inakupeleka upande wa kinyume. Kwa pamoja S8 na S9 hupita takriban kila dakika 15, na safari haizidi robo saa: Gateway Gardens, Stadion, Niederrad, halafu Hauptbahnhof. Usidanganyike na kukosekana kwa mageti. Wakaguzi hupita ndani ya treni, na asiye na tiketi hutozwa euro 60.

S-Bahn yako itaingia chini ya ardhi. Sehemu hiyo huitwa "Hbf (tief)", na njia zake ni 101 hadi 104. ICE haziko huko, ziko juu. Fuata mabango ya "Gleise 1–24", upande ngazi za umeme au lifti hadi ngazi ya kati yenye maduka, kisha upande tena mpaka ukumbi mkuu. Kwa mabegi mawili makubwa lifti ni bora, ila huharibika mara kwa mara. Tovuti ya bahnhof.de huonyesha ipi inafanya kazi. Tenga dakika 10 kutoka mlango wa S-Bahn hadi ukumbini, hata kama wenyeji wanatumia nne.

Ukishafika juu, mpangilio wa kituo ni mwepesi kuliko picha zinavyoonyesha. Frankfurt Hbf, kilichofunguliwa mwaka 1888, ni kituo cha mwisho wa reli: njia zote zinaishia ukutani, na mbele yake kuna ukumbi mmoja mrefu unaozikata zote. Ukisimama ukumbini ukitazama treni, Gleis 1 iko mkono wako wa kushoto kabisa na Gleis 24 kulia kabisa. Hakuna daraja wala handaki la kutafuta. Unatembea ukumbini mpaka uikute namba yako, basi.

Ile Gleis 7 ya kwenye tiketi ni mpango tu, na hubadilika. Tumia ubao mkubwa wa umeme ukumbini. Karatasi za manjano zenye kichwa "Abfahrt" ni za treni zinazoondoka, na nyeupe za "Ankunft" ni za zinazofika. Anayeangalia nyeupe anatafuta treni yake bila kuipata. Karatasi zote mbili hazijui mabadiliko ya siku hiyo. Kwenye ubao usitafute neno Nürnberg, kwa sababu ubao huandika mwisho wa safari ya treni, na yako inaweza kuandikwa München, Passau au Wien. Tafuta namba ya treni, yaani ICE na tarakimu zinazofuata kama zilivyo kwenye tiketi, pamoja na saa. Safu ya "über" (kupitia) itakuonyesha Würzburg na Nürnberg njiani.

Jifunze maneno machache ya ubaoni, kwa kuwa tangazo la kipaza sauti mara nyingi hupotea kwenye kelele. "Heute von Gleis 9" ni leo inaondokea njia ya 9. "Verspätung" ni kuchelewa. "Zug fällt aus" ni treni imefutwa. "Halt entfällt" ni haitasimama kituo fulani. Hili la mwisho lina uzito Frankfurt: pakiwa na ukarabati au hitilafu, baadhi ya ICE hazigeuzwi kuingia kituo kikuu, badala yake husimama Frankfurt (Main) Süd, stesheni nyingine ya jiji hilo. Programu ya simu ya DB Navigator, ya shirika la reli la Ujerumani (DB), itakuarifu mapema ukiingiza safari yako humo, kwa hiyo ipakue ungali nyumbani na uhifadhi tiketi ndani ya simu. Kituoni kuna intaneti ya bure.

Sasa behewa namba 23, ambalo ndilo linalowatoa watu jasho kuliko kutafuta jukwaa. ICE mbili zikiunganishwa hufika urefu wa mita 400, na kwa kuwa kituo hiki unakiingilia upande wa ukumbini, behewa la mwisho ni mwendo wa dakika tano au sita ukivuta mabegi. Abiria akifika jukwaani dakika tatu kabla, treni anaiona lakini behewa lake halifikii. Uwe jukwaani angalau dakika 15 kabla.

Jukwaa limegawanywa kwa herufi, A, B, C na kuendelea, zilizoning'inizwa juu. Mchoro wa mabehewa, uitwao "Wagenreihung", uko kwenye programu na kwenye skrini ya jukwaani, na unaonyesha behewa 23 litasimama herufi gani. Simama chini ya herufi hiyo na usiondoke, isipokuwa ukiona "umgekehrte Wagenreihung": maana yake mpangilio umegeuzwa, na behewa lililokuwa liwe mbele sasa liko nyuma. Hapo geuka mara moja, usisubiri treni iingie. Namba zenyewe hazianzii 1. Treni mbili zilizoungana huwa na mabehewa ya ishirini na kitu na ya thelathini na kitu, na treni ikiwa njiani huwezi kupita kutoka moja kwenda nyingine. Ukiingia behewa 33 kwa haraka, utasubiri kituo kinachofuata ndipo uhame. Tena mara nyingine nusu hizo hutenganishwa njiani na kila moja kwenda kwake, kwa hiyo soma skrini iliyo ubavuni mwa mlango: namba ya treni, mwisho wa safari, namba ya behewa.

Jambo jingine la kituo cha aina hii ni kwamba treni huingia kwa mbele na kutoka kwa nyuma. Usishtuke treni ikiondoka kama inarudi ilikotoka. Kiti ulichohifadhi kikikaa wazi dakika 15 baada ya kuondoka, mwingine ana haki ya kukikalia. Ukibanwa na muda kabisa, panda mlango wowote wa nusu iliyo sahihi, kisha tembea kwa ndani haraka.

Nürnberg Hbf ni kituo cha kupita: unashuka ngazi au lifti hadi njia za chini ya majukwaa, unafuata namba, unapanda tena. Huko chunga zaidi herufi. Treni za mkoa mara nyingi hushirikiana jukwaa, "Gleis 15 A–C" ni moja na "Gleis 15 D–F" ni nyingine, na za kuelekea Bayreuth mara nyingi huunganishwa na mabehewa yanayokwenda kwingine na kutengana safarini. Kaa kwenye behewa lililoandikwa Bayreuth ubavuni, na muulize kondakta.

Kuhusu kuachwa, jibu linategemea sababu. Tiketi ya bei nafuu imefungwa kwa ICE ile ile. Ndege ikichelewa na tiketi ya treni umeinunua peke yake, hasara ni yako, na hata S-Bahn ikichelewa ni hivyo hivyo kwa sababu umeilipia kwa tiketi tofauti. Lakini kosa likiwa ndani ya tiketi yenyewe, kwa mfano ICE imefutwa, au inatarajiwa kukufikisha mwisho wa safari ukiwa umechelewa dakika 20 au zaidi, kifungo hicho huondoka na unaweza kupanda treni nyingine ya kwenda huko huko. Pitia kwanza Reisezentrum (ofisi ya tiketi kituoni) au dawati la DB Information uthibitishe. Ukifika Bayreuth umechelewa dakika 60 unadai asilimia 25 ya nauli ya safari hiyo, na dakika 120 asilimia 50. Piga picha ya ubao ukionyesha kuchelewa, na usifute tiketi kwenye simu mpaka umelipwa.