Pikipiki kuukuu iliyolala karibu na bahari: nyaya kwanza, injini baadaye

Waya wa kwanza niliouchuna ulikuwa mwekundu, ule unaotoka kwenye betri. Kwa nje ulikuwa mzima kabisa. Rangi imefifia kidogo, lakini mpira hauna ufa. Nikaukata kidole kimoja kutoka mwisho, nikachuna ganda, na ndani sikuona shaba. Niliona nyuzi nyeusi kama masizi ya sufuria, zikakatika nilipozikunja kwa ukucha. Nikakata kidole kingine: nyeusi. Nikaendelea hivyo mpaka nikamaliza shubiri nzima, ndipo shaba ikaanza kung'aa.

Hiyo ilikuwa Honda CG125 ya mjomba wangu, ya volti 12. Miguu ilipoanza kumsumbua aliiegemeza chini ya banda la makuti kule Likoni, Mombasa, hatua chache kutoka baharini, akaifunika turubai. Ikalala hapo miaka tisa. Turubai huzuia mvua, lakini hufungia ndani unyevu wenye chumvi, na panya wakapata nyumba. Siku aliyoniambia, "Mpwa wangu, ukiiwasha ni yako," sikungoja asubuhi ya pili. Tuliipandisha kwenye mkokoteni, tukavuka nayo feri, ikafika kwangu Tudor.

Kabla sijasema lolote jingine: tazama logbuku kwanza, yaani hati ya umiliki. Mjomba alikuwa nayo ndani ya bahasha kabatini, tukabadilisha umiliki mapema yeye akiwa hai na mzima. Ukiletewa pikipiki ya bei nafuu isiyo na logbuku, iache hapo ilipo.

Sasa nirudi kwenye nyaya, maana ndizo zilizonifanya niandike. Kila niliyemwonyesha pikipiki ile aliniambia nianze na injini, nami nikaanza nayo. Nilitia kijiko cha oili kwenye tundu la plagi, nikaiacha usiku kucha, nikaizungusha polepole kwa kiki bila plagi, nikasafisha kabureta, nikasuuza tangi, nikatia plagi mpya. Siku ya tatu ikanguruma. Injini ile ni rahisi mno, Honda walianza kuiuza mwaka 1976 kwa ajili ya nchi kama zetu, na pikipiki nyingi za Kichina za bodaboda zimeiga muundo wake, kwa hivyo spea si taabu. Kwa injini sina mengi ya kukushauri.

Taabu ilianza nilipowasha taa. Nikiwasha taa ya mbele, indiketa za pande zote mbili zinawaka hafifu. Nikikanyaga breki, taa ya mbele inafifia. Honi inalia kama mtu aliyekabwa koo. Nikawa natia viraka: leo waya huu, kesho ule, tepu juu ya tepu. Fyuzi ikawa inakatika kila wiki, na siku moja fundi wa kando ya barabara akaitoa, akaweka uzi wa shaba mahali pake. "Hii haitakatika tena," akaniambia. Nami nikakubali, na hilo ndilo kosa ninalolijutia zaidi katika kazi yote hii.

Jioni moja nikielekea daraja la Nyali nikasikia harufu ya mpira unaoungua. Moshi ukatoka chini ya tangi. Tangi la petroli, ndugu yangu. Nilisimama kando, nikang'oa kiti, nikachomoa waya wa betri kwa mkono ulioungua vidole viwili. Nilipoinua tangi nikakuta nyaya nne zimeyeyuka zikashikana kama ubani.

Fyuzi ipo ili ikatike. Hesabu yake si ngumu. Taa ya mbele ni wati 35, ya nyuma 5, ya breki 21, indiketa mbili za upande mmoja wati 10 kila moja. Jumla ni wati 81. Gawanya kwa volti 12, unapata chini kidogo ya ampea 7. Ongeza honi kidogo, fyuzi ya ampea 10 inatosha. Ikiwa inakatika, kuna mahali umeme unavuja, na kuweka kubwa zaidi au uzi wa shaba ni kuuambia moto ukaribie.

Baada ya siku ile ndipo nikampelekea mzee mmoja wa Majengo, fundi wa umeme wa magari tangu ujana wake.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Washa taa nione."

Nikawasha. Ikawaka ile rangi ya chai. Hakugusa swichi wala balbu. Alichukua waya mrefu, akashika ncha moja kwenye hasi ya betri, ncha nyingine akaigusisha kwenye waya wa kijani nyuma ya taa. Taa ikawa nyeupe, ikamulika ukuta wa ng'ambo.

"Umeme wafika vizuri," akasema. "Hauna njia ya kurudi nyumbani."

Hilo ndilo suala la athi, yaani upande wa hasi ambao katika pikipiki hupitia kwenye fremu. Umeme ukitoka betri lazima urudi betri. Fremu ikishika kutu pale waya wa kijani unapofungwa, njia hiyo inaziba, na umeme unatafuta uchochoro. Indiketa zangu zilikuwa zinawaka kwa sababu umeme wa taa ya mbele ulikuwa unajaribu kurudi kwa kupitia kwenye balbu zao. Huko Nakuru au Eldoret pengine hili huja baada ya miaka mingi. Kwetu Mombasa upepo una chumvi mwaka mzima, kusi na kaskazi, na bolti ya athi ndiyo ya kwanza kuliwa.

Kwa hivyo ukiwa na pikipiki ya namna hii, shika mita ya umeme kabla ya spana. Iweke kwenye volti 20 za betri, washa taa ya mbele, gusisha ncha moja kwenye hasi ya betri na nyingine kwenye waya wa kijani wa taa. Panapaswa kusoma karibu na sifuri. Yangu ilisoma volti 2.3. Ikipita nusu volti, usinunue balbu wala betri wala regulata, kile kifaa kinachodhibiti chaji ya betri. Tafuta kila bolti inayoshika waya wa kijani kwenye fremu, ifungue, piga msasa mpaka chuma king'ae, funga kwa bolti mpya, halafu paka vaselini juu yake. Mimi niliongeza waya mmoja mnene unaotoka hasi ya betri mpaka kwenye injini, na mwingine mpaka kwenye taa ya mbele, nisiitegemee fremu tena.

Kwa pikipiki iliyolala mwaka mmoja au miwili, hapo huenda ukawa umemaliza. Kwa iliyolala miaka tisa, haitoshi. Nyaya zenyewe zimeoza kwa ndani, na mzee alinionyesha kwa kukata vipande vitatu mahali tofauti. Ikiwa shaba ni nyeusi pale ulipochuna katikati ya waya, mbali na ncha, badilisha fungu lote la nyaya. Ukibakisha ya zamani ukaunga na mpya, ile ya zamani itapata joto kwenye kiungo na utarudi pale pale.

Lakini usizing'oe bado. Chora kwanza. Nilitumia karatasi ya manila na kalamu za rangi za mtoto. Honda wana desturi yao ya rangi: kijani ni athi, nyekundu inatoka betri, nyeusi ni umeme uliokwisha kupita swichi ya ufunguo. Samawati ni indiketa ya kulia, rangi ya chungwa ya kushoto. Hudhurungi ni taa ya nyuma, kijani yenye mstari wa manjano ni breki. Nyeupe ni taa fupi, buluu ni taa ndefu. Nyeusi yenye mstari mweupe ndiyo inayozima cheche, hiyo ukiigusisha na fremu kwa bahati mbaya injini haitawaka na utahangaika siku nzima ukitafuta koili mbovu. Jua la hapa limezifuta rangi hizi, samawati inaonekana nyeupe na kijani inaonekana kijivu. Usiamini sehemu iliyo wazi. Chuna tepu, tazama ule upande ambao haujaona jua, au tazama pale waya unapoingia kwenye soketi.

Kisha niliweka kila waya alama ya karatasi ya gundi kabla ya kuuchomoa, nikalitoa fungu lote zima, nikalilaza juu ya ubao wa plaiwudi na kugongomea misumari midogo kila lilipopinda. Ubao ule ukawa ramani. Waya mpya nikaupitisha katika misumari ile ile, kwa urefu ule ule.

Kuna fungu jipya la kiwandani la CG linalouzwa kwenye maduka ya spea. Si baya, na kama wewe si mtu wa subira linaweza kukufaa. Ila nenda nalo la zamani mkononi, linganisha soketi moja moja, maana za swichi hutofautiana, na tazama unene wa waya wa betri. Mimi nililiona jembamba, nikanunua waya wa mita.

Nunua waya wa gari, wa nyuzi nyingi nyembamba. Waya wa nyumba wenye uzi mmoja mnene usiuguse: pikipiki inatetemeka, na uzi mmoja hukatika ndani ya ganda usijue. Waya wa spika nao ni wa spika. Njia kuu ya betri mpaka swichi ya ufunguo niliweka milimita mraba 2, kwingine 0.75. Na kabla ya kukata urefu wa mwisho shingoni, geuza usukani mpaka mwisho kulia, kisha mpaka mwisho kushoto. Hapo shingoni ndipo nyaya hukatika kuliko mahali pengine popote, kwa sababu zilikatwa fupi.

Viungo vyangu vyote nilivilehemu kwa risasi, nikavifunika kwa ule mpira unaonywea ukipashwa moto. Uvishe mpira kwenye waya kabla ya kulehemu, maana baadaye hauingii. Usiweke kiungo kilicholehemiwa mahali waya unapojikunja, kitavunjika. Tepu nyeusi ya kawaida sikuitumia kushika kiungo chochote. Kwa joto letu inageuka gundi, inateleza, na ukiifungua miaka miwili baadaye mikono inanuka lami.

Swichi za usukani zinataka utulivu. Ndani yake mna spiringi ndogo na gololi ndogo kuliko punje ya mtama, na ukifungua kwa haraka vinaruka. Fungua ndani ya beseni, chini ya kitambaa, mchana. Ndani ya yangu shaba ilikuwa na kutu ya kijani, nikaisugua kwa mswaki wa zamani na spiriti mpaka ikarudi kuwa nyekundu. Swichi ya asili iliyosafishwa ni bora kuliko mpya ya bei nafuu, huo ndio uzoefu wangu.

Siku ya kuunganisha betri, usiweke fyuzi. Weka balbu ya wati 21 mahali pa fyuzi. Kama kuna waya umegusa fremu, balbu itawaka kwa nguvu na ndiyo itakayokula umeme, nyaya zako hazitaungua. Yangu iliwaka! Nilikuwa nimebana waya wa taa ya nyuma chini ya bawaba ya kiti. Nikaulegeza, balbu ikazima, nikaweka fyuzi, nikaendelea na sehemu moja moja: kwanza cheche, kisha taa, kisha breki, indiketa na honi mwisho.

Halafu pima chaji. Betri iliyojaa ikiwa imetulia husoma kama volti 12.6. Injini ikiwa katika mwendo wa wastani isome kati ya 13.5 na 14.5. Ikibaki 12, haichaji. Ikipita 15, regulata imekufa au, tena, athi yake haishiki, na betri itachemka. Anza na athi yake kabla hujatoa pesa.

Tairi, mnyororo na breki nilizibadilisha zote bila kufikiri mara mbili. Mpira uliolala miaka tisa si wa kupanda nao barabarani hata kama unaonekana mnene.

Sasa ninaitumia kila siku. Haioshwi kwa mashine ya presha, maana maji yale yanasukumwa mpaka ndani ya soketi. Ninaiosha kwa ndoo na kitambaa, maji baridi, hasa nikitoka Likoni, kisha ninaiacha juani bila turubai. Kila masika yakikaribia ninafungua bolti tatu za athi, ninazifuta na kuzipaka vaselini upya, kazi ya nusu saa. Ile karatasi ya manila nimeikunja, iko ndani ya kopo chini ya kiti. Mjomba alipokuja kuiona aliifungua kabla hata ya kuitazama pikipiki, akafuata mstari mwekundu kwa kidole kutoka betri mpaka swichi, akaniuliza ufunguo uko wapi.