Mtoto akikamatwa, anza na kadi ya kliniki

Mtoto wako akikamatwa leo, kabla hujaanza kuchanga pesa za wakili, tafuta kadi yake ya kliniki. Nasema hivi baada ya miaka kadhaa ya usaidizi wa kisheria, nikikaa kwenye mabenchi ya mahakama hapa Tanzania na wazazi wanaoamini hakimu ndiye anayechelewesha kesi. Mara nyingi hakimu anasubiri karatasi iliyolala kabatini kwao.

Kijana mmoja niliyemsindikiza alikuwa na miaka 15, lakini mrefu kuliko baba yake. Alituhumiwa kuiba pampu ya maji. Kituoni walimtazama tu, wakaandika miaka 18. Namba hiyo ndiyo iliyomponza. Alifikishwa mahakama ya kawaida, akapelekwa rumande pamoja na watu wazima, na kila kesi ilipotajwa tuliambiwa upelelezi haujakamilika. Mama yake aliposema huyu bado mtoto, akaulizwa cheti. Hakuwa nacho. Kadi ya kliniki ilikuwa kwa bibi, Singida, ndani ya sanduku la khanga. Ilipofika kwa basi, wiki tano zilikuwa zimeshapita. Hakimu alipoiona, shauri likahamishiwa Mahakama ya Watoto, likaanza upya.

Sheria ya Mtoto ya 2009 inaitaka mahakama ichunguze umri wa mshtakiwa anayeonekana kuwa mtoto. Wewe usisubiri ifikie hapo. Palepale kituoni, taja umri wake na uombe uandikwe hivyo. Kama hana cheti cha kuzaliwa, peleka kadi ya kliniki, cheti cha ubatizo au barua ya mwalimu mkuu. Toa nakala, ile halisi baki nayo.

Halafu kuna ofisa ustawi wa jamii. Wazazi wengi humkwepa, wakidhani anakuja kuwanyang'anya watoto, na hapo ndipo wanapojifungia mlango wenyewe. Sheria inataka awepo kesi ya mtoto inaposikilizwa, na ripoti yake ndiyo inayomweleza hakimu mtoto anaishi na nani, anasoma wapi, nani atamwangalia akirudi nyumbani. Lakini ofisa huyo ana kata nyingi na hana usafiri. Nimeshuhudia kesi ikiahirishwa mara mbili: safari ya kwanza alikuta nyumba imefungwa, ya pili akapiga simu isiyopatikana, kumbe namba kwenye jalada ilikosewa tarakimu moja. Mfuate ofisini kwake. Mpe namba yako na ya jirani, mweleze unarudi saa ngapi kutoka sokoni, mtajie mjumbe wako.

Nanyi mlio ofisini, nawaomba mkaione familia wiki ileile mtoto anapokamatwa. Mkisubiri mpaka apatikane na hatia ndipo muanze kuandika, mtoto anakaa mahabusu akiingojea kalamu yenu. Hilo linaniuma kuliko yote, maana halihitaji sheria mpya.

Dhamana haiharakishi kesi, ila mtoto anaisubiri akiwa nyumbani na shuleni. Kwa hiyo nenda mahakamani siku ya kwanza ukiwa na barua ya serikali ya mtaa na kitambulisho chako. Tarehe ya kurudi husomwa haraka sana, nusu ya wazazi hawaisikii. Usitoke mpaka karani akuandikie. Siku hiyo funga genge, uende. Nimeona kesi ikisogezwa mbele kwa sababu tu mtoto alisimama pale bila mzazi wala mlezi.

Shauri la yule kijana lilifutwa mwishowe, mlalamikaji hakutokea. Alitoka mwezi Desemba. Wenzake walikuwa wameshafanya mtihani wa Kidato cha Pili, naye akarudia mwaka.