Sandwichi ya nyama ya kusaga ya Iowa: anza na maji baridi

Tangu Jumamosi simu yangu haipumziki. Mtoto wetu wa kwanza kamaliza sekondari, na hapa Iowa, Marekani, mtoto akimaliza shule nyumba hufunguliwa mchana kutwa: majirani, walimu, watu wa kanisani na wenzake wa timu wanaingia, wanakula, wanaacha kadi ya pongezi, wanaondoka, wanakuja wengine. Watu walitegemea pilau. Pilau ilikuwepo, niwatoe wasiwasi. Lakini chombo kilichokwisha kwanza, kikakombwa mpaka chini, ni kile cha nyama ya kusaga. Bibi mmoja jirani, mzaliwa wa hapahapa, aliyekula kitu hiki tangu utotoni, alinifuata jikoni kuniuliza nimeagiza mgahawa gani. Nikamwonyesha mwiko.

Picha zikasambaa kwenye magrupu na sasa kila mtu anataka mapishi. Nitayatoa. Ila mtanivumilia kidogo, maana nyama hii nimesemwa sana kwa ajili yake.

Nilijifunza kazini, katika jiko la nyumba ya kulelea wazee. Mwanzoni niliwekwa kwenye vyombo tu. Mpishi mkuu alikuwa mama mtu mzima, mkali, asiyependa mtu asimame nyuma yake, lakini siku ya sandwichi hizi wazee walikuwa wanafika mezani kabla ya kengele. Nikawa nasuuza sahani huku jicho liko kwenye sufuria lake. Alikuwa hakaangi. Hilo ndilo lililonishangaza, kwa sababu sisi nyama ya kusaga tunajua kuikaanga: mafuta yapate moto, kitunguu kigeuke rangi, nyama iingie, moto uongezwe. Yeye alimimina maji baridi ya bomba juu ya nyama mbichi, akaingiza mkono, akaivuruga.

Nikaenda kupika nyumbani, Jumapili, wageni wamejaa. Wifi yangu akaonja, akaweka mkate chini, akasema mbele ya watu wote: “Wifi, hii mbona nyama ya mgonjwa? Umeshasahau kupika?” Watu wakacheka. Mume wangu naye akacheka, na hilo tulilizungumza baadaye. Sikujibu kitu, wifi ni wifi. Ila yule dada Jumamosi alikula mikate miwili, halafu akaja kuniomba nimfungie ya kubeba. Nilimfungia. Mmoja.

Kwa wasioijua: hii ni sandwichi ya nyama ya ng’ombe iliyosagwa, ikapikwa ikabaki imechambuka, ikajazwa kwenye mkate laini wa baga. Haina sosi. Watu huichanganya na sloppy joe, lakini ile ina rojo la nyanya, tena tamutamu. Hii ni nyama, kitunguu, haradali na achari ya tango, basi. Sioux City walikuwa wanaiuza miaka ya 1920, na mwaka 1926 mwuza nyama mmoja wa Muscatine, mji ulio kando ya mto Mississippi, Fred Angell, akafungua duka la kuiuza kwa jina la Maid-Rite. Mpaka leo wenyeji wengi huiita hivyo hata wanapoipika nyumbani kwao. Marshalltown kuna duka la ukoo wa Taylor lililoanza 1928. Ottumwa kuna Canteen, la tangu 1927, dogo kabisa, mpaka jengo la kuegesha magari limejengwa juu yake nalo likabaki palepale chini. Unakaa kwenye kaunta, unapewa mkate umefungwa kwenye karatasi, na kijiko. Kijiko ni cha kuokotea nyama inayodondoka, maana lazima idondoke. Isipodondoka ujue imeshikana, na ikishikana hiyo ni baga iliyoharibika.

Sasa jikoni. Kwa kilo moja ya nyama utapata mikate minane au tisa ya kushiba. Nunua yenye mafuta kiasi. Kwenye maduka ya hapa pakiti imeandikwa 80/20, yaani mafuta asilimia 20. Wale mnaojinyima mkachukua ile isiyo na mafuta kabisa, mtakula vumbi. Kwa walioko nyumbani Afrika Mashariki, mwambie mwenye bucha asiondoe mafuta yote, na asage mara moja tu.

Weka nyama kwenye sufuria pana, jiko likiwa limezimwa. Mimina nusu lita ya maji baridi. Ingiza mkono safi uivuruge mpaka hakuna bonge hata moja. Itakuwa rojo la pinki lisilovutia hata kidogo. Usiogope. Nyama ikikutana na chuma cha moto, inaganda ilivyo, na mabonge uliyoyaacha ndiyo utakayokula. Kwenye maji baridi inaachana kwanza, ndipo joto linaikuta kila chembe iko peke yake. Ndiyo maana nasema usikaange. Washa moto wa wastani, endelea kukoroga na kubonyeza kwa kile chombo cha kupondea viazi. Maji yatageuka kijivu, povu litapanda. Engua povu ukitaka, mimi nalikoroga humohumo.

Chumvi isubiri. Hapa wengi mnaharibu. Chumvi ikiingia kwenye nyama mbichi iliyosagwa huvuta protini zinazonata, na hizo ndizo zinazoshikamanisha kababu na soseji. Kwenye kababu tunazitaka. Hapa hatuzitaki. Nyama ikishabadilika rangi yote ndipo weka kijiko cha chai kimoja na nusu cha chumvi, pilipili manga ya kutosha, kitunguu kikubwa kimoja kilichokatwa vidogo sana, kijiko cha chai cha haradali na siki kidogo. Wenyeji wengine hutumia supu ya ng’ombe badala ya maji. Kwa Waislamu wenzetu, supu za kopo za madukani nyingi si halali, na kwa kweli hamzihitaji. Nyama itatoa supu yake yenyewe.

Punguza moto, funika nusu, acha ichemke polepole kama dakika arobaini. Usiondoke ukaenda kuangalia tamthilia. Sikiliza sufuria: mwanzo linabubujika, na maji yakikaribia kwisha sauti inageuka, inaanza kuchachatika. Hapohapo zima. Ukichelewa umeshaanza kukaanga, na nimekwambia usikaange. Nyama iwe na unyevu wa kung’aa bila mchuzi wa kutiririka, imechambuka kama wali wa mwali. Kama una kipimajoto, nyama ya kusaga Marekani hupikwa mpaka nyuzi 71 za Selsiasi, lakini kwa dakika zote hizo utakuwa umeshapita zamani.

Mkate usiuchome. Ufunge kwenye kitambaa kibichi, uweke juu ya mvuke nusu dakika, ulegee. Nyumbani tafuta mikate ya baga ya kawaida, skonzi zenye sukari zinaharibu ladha. Achari ya tango tengeneza mwenyewe saa moja kabla: tango jembamba, siki, chumvi, sukari kidogo. Haradali paka chini, kitunguu kibichi na achari juu, nyama katikati imejaa mpaka inamwagika. Kisha ufunge kwenye karatasi ya kuokea dakika mbili kabla ya kula. Mvuke unafanya kazi humo ndani. Watu wanairuka hatua hii, halafu wananiandikia eti haikutoka kama yangu.

Na hili nalisema bila kumung’unya maneno. Tuko wengi huku, Watanzania, Wakongo, Warundi, tumejaa Des Moines na Cedar Rapids, watoto wetu wanazaliwa hapa, na bado chakula cha mwenyeji tunakicheka kabla hatujameza. Mwenyeji akikunja pua mbele ya dagaa zetu tunasema mbaguzi. Sisi tukikunja pua tunasema “hawajui kupika hawa”. Mtoto wangu alikuwa anaona aibu kuleta rafiki nyumbani, si kwa sababu ya ugali, ni kwa sababu rafiki akija anakaa mezani peke yake na soda huku sisi tunakula na kuongea yetu. Mama, pika kitu kimoja ambacho yule mtoto anakijua! Huku si kujidharau. Sambusa zangu ziliisha pia Jumamosi, na waliozimaliza ni walewale waliokuja kufuata Maid-Rite. Na ninyi akina baba mnaosoma mkinyamaza, maji baridi na mwiko havihitaji ubingwa.

Kwa shughuli kubwa, paundi moja ya nyama (karibu nusu kilo) hesabu watu wanne. Pika usiku wa kuamkia, weka kwenye friji katika vyombo visivyo na kina, asubuhi ongeza maji kidogo upashe mpaka ichemke vizuri, kisha hamishia kwenye lile sufuria kubwa la umeme wanaloazimana makanisani. Lisishuke chini ya nyuzi 60. Ikibaki, na mara nyingi haibaki, ikaushe motoni, tia bizari, giligilani na pilipili, umepata nyama ya sambusa.

Mwisho, mnaouliza kuhusu tomato sosi. Kwa Taylor kule Marshalltown miaka na miaka haikuwekwa kwenye kaunta, mpaka mwaka 2006 wateja wakapigishwa kura ndipo ikaruhusiwa. Kwangu hakuna kura. Chupa iko kwenye mlango wa friji, anayeitaka ainuke akaichukue mwenyewe.