Simiti niliyompigia bibi, na ukuta ulionirudi

Jumatatu usiku dada mmoja, msomaji wa ukumbi huu, alinitumia picha tatu. Ni ukuta wa nyumba ya marehemu babake, Kibokoni, Mji wa Kale wa Mombasa. Plasta imevimba kama chapati kwenye kikaango, pembeni imeanza kubambuka vipande vipande, na nyuma yake kuna unga mweupe wa chumvi. Fundi amemwambia dawa ni kubandua yote na kupiga simiti upya, safari hii ichanganywe na dawa ya kuzuia maji. Akamaliza kwa kuuliza, "Dada, nimpe kazi?"

Nilimjibu neno moja: usimpe. Halafu sikupata usingizi, maana ukuta ule naujua. Nilikuwa nao miaka minne, na ulinila shilingi 480,000.

Mwaka 2015 nilirudi Mombasa kutoka Nairobi na pesa kidogo na kiburi kingi. Nyumba ya bibi iko Kuze, mtaa mwingine wa Mji wa Kale: mawe ya matumbawe, chokaa, dari ya boriti, kuta nene hadi ukitia mkono dirishani wafika kiwikoni kabla hujagusa nje. Nilitaka niwe mjukuu aliyeinyanyua nyumba. Ninyi mnaosoma haya mnanielewa, kwani sote tunalo hilo jumba moyoni, la kujenga au la kuokoa, na sote twataka watu wapite barazani waulize, hii ya nani?

Nikaleta kontrakta, kijana msafi mwenye kompyuta. Alizunguka, akagonga ukuta kwa kifundo cha kidole, akasema umechoka, tuuvike koti la simiti, utakaa miaka mia. Bibi alikuwa barazani akichambua mchicha. Akasema bila kuinua kichwa, "Mwanangu, ukuta huu wapumua. Wataka kuuziba pua?" Nikacheka. Wallahi nilicheka, tena mbele ya yule kijana, na katika hadithi hii yote hakuna kinachoniuma kama hicho kicheko.

Kazi ilichukua wiki tatu. Ukuta ulinyooka kama karatasi, nikaweka picha mtandaoni, pongezi zikamiminika. Masika ya pili ndiyo yaliyosema kweli. Doa lilianza usawa wa goti, likapanda kiunoni, likafika kifuani. Chumba kikanuka kama kisima. Kisha usiku mmoja boriti moja ya chumba anachosalia bibi ikaachia kichwa, ikaning'inia. Haikumwangukia mtu, alhamdulillahi. Ncha yake iliyozama ukutani ilikuwa imeoza, ukiibonyeza inaingia kama muhogo uliochemka. Boriti zile zilikuwa juu pale kabla mamangu hajazaliwa, hazikuoza. Zilioza kwangu.

Kontrakta hakushika simu tena. Ami yangu naye, kwenye harusi, sahani ya pilau mkononi, akasema watu wasikie: "Alosoma ndiye alobomoa." Sijamjibu hadi leo. Labda hili ndilo jibu.

Sasa kilichotokea, kwa lugha nyepesi. Jiwe la matumbawe lina vitundu tele, linafyonza maji kutoka ardhini, na maji ya kisiwa hiki yana chumvi. Ukuta uliopigwa chokaa huyapitisha maji yale yakatoka kama mvuke, hasa upepo ukivuma. Chumvi ikijikusanya, itakula plasta ya chokaa, ambayo ni laini, na plasta hiyo utaikwangua na kuipiga tena. Hiyo ndiyo kazi yake, kuliwa ili jiwe lisiliwe. Simiti ni ngumu na imefunga. Maji hayapati pa kutokea, yanapanda juu zaidi, chumvi inaganda nyuma ya plasta na kuisukuma, na vichwa vya boriti vinabaki kwenye unyevu mchana na usiku. Hiyo dawa ya kuzuia maji aliyoambiwa dada yetu ni kuziba pua na mdomo pamoja.

Miezi ya kubandua simiti kwa patasi siisimulii. Ilikuwa vumbi na ugomvi na majirani. Niseme tu kwamba tuliuacha ukuta uchi kaskazi nzima ukauke, na watu walipita wakitikisa vichwa.

Fundi niliyempata ni mzee, mtu wa maneno machache. Siku ya kwanza hakugusa ukuta, alichimba shimo. Chokaa ilizimwa kwa maji humo, ikachemka na kutoa moshi hadi paka wakakimbia, kisha akaifunika na kuondoka. Nikamuuliza tuanze lini. Akasema atarudi baada ya miezi mitatu. Mimi wa Nairobi nilidhani ni mzaha! Kumbe kadiri inavyolala majini ndivyo inavyolainika na kushika. Alipiga plasta kwa tabaka nyembamba, kila moja ikapewa siku zake, magunia mabichi yakiwa yametundikwa mbele yake isikaushwe na jua. Maana chokaa haikomai kwa kukauka tu. Inavuta hewa ya ukaa kutoka angani na kurudi kuwa jiwe, polepole. Mzee hasemi hewa ya ukaa. Anasema, "iache ile upepo."

Boriti ndizo zilizonitoa jasho. Tangu serikali ipige marufuku ukataji katika misitu ya umma mwaka 2018, boriti za mkoko zilikuwa adimu na ghali, na sina lawama, mikoko ndiyo mazalia ya samaki wetu. Pale Gazi wanakijiji wanailinda na kulipwa kwa hewa ya ukaa inayohifadhiwa na miti hiyo, mradi wa Mikoko Pamoja. Mimi nilihitaji nne tu, nikazipata kutoka nyumba iliyokuwa ikivunjwa. Ukijenga upya, tafuta mivinje ya kupandwa. Inakua haraka na pwani hii inaipenda. Ni miongoni mwa miti iliyopandwa kwanza kwenye machimbo ya Bamburi mwaka 1971, kabla hayajawa msitu wa kutembelewa.

Basi wewe unayejenga Kisauni, Mtwapa au Vipingo, nisikilize. Sikuambii ujenge kama babu. Msingi na mkanda unaofunga kuta juu piga simiti, sina ugomvi nayo mahali pake, ingawa utengenezaji wake unatoa takriban asilimia 8 ya hewa ya ukaa ya wanadamu duniani. Lakini ukuta wa mawe ya matumbawe ya machimbo ya nchi kavu (si ya mwamba wa baharini ulio hai, huo uache) upige chokaa ndani na nje. Usichanganye. Narudia, usichanganye chokaa ndani na simiti nje, wala usikubali fundi akutilie "simiti kidogo ishike haraka." Elekeza madirisha kwenye kusi na kaskazi, upepo uingie huku utoke kule. Wazee vyumba vyao vilikuwa vyembamba kwa sababu boriti haivuki zaidi ya mita mbili na nusu au karibu tatu, nasi tunawaiga wembamba bila boriti, kisha tunanunua mashine ya baridi! Makuti ni baridi na mazuri, ila yanataka kubadilishwa kila baada ya miaka kadhaa na yanaogopa moto, kwa hiyo usiyaweke juu ya jiko. Na yule anayebandika makuti juu ya slabu ya zege ili apige picha, Mungu amsamehe.

Mkiambiwa huu ni ushamba, waambieni wakamtazame msanifu majengo Francis Kéré, mtoto wa kijiji cha Burkina Faso aliyeanza na udongo wa kwao na kupata Pritzker, tuzo kubwa ya wasanifu majengo, mwaka 2022. Chuo alichokijenga kando ya Ziwa Turkana kina minara kama vichuguu, inayotoa hewa ya moto juu. Au msiende mbali. Ngome ya Yesu ilianza kujengwa mwaka 1593 kwa tumbawe na chokaa. Nendeni mkaweke kiganja pale saa nane mchana.

Bibi aliwahi kuuona ukuta umekamilika. Aliupapasa, akanusa mkono, akaniambia nimletee kiti chake karibu nao. Hakutaja kile kicheko, nami sikumwomba radhi kwa maneno.

Dada wa Kibokoni, nimezungumza na mzee. Jumamosi asubuhi atakuja nami. Fundi wako mwambie asubiri, na usipake chochote juu ya hiyo chumvi. Uifagie kwa ufagio mkavu tu, bila maji.