Maswali na majibu: Asiyeona kwenye uwanja wa shabaha

Shikamoo Mwalimu. Rafiki yangu haoni kabisa, na ananisumbua nimpeleke kulenga shabaha hapa Leicester, Uingereza. Atalengaje?

Marahaba. Atalenga kwa sikio. Tafuta klabu yenye vifaa vya wasioona. Bunduki yao ya upepo hufungwa kihisi pale ambapo wengine huweka darubini. Shabaha iko mita 10 mbele, imemulikwa taa. Kihisi husoma mwanga unaorudi na kuugeuza mlio kwenye hedifoni. Mtutu ukikaribia kitovu mlio unapanda, ukiteleza pembeni unashuka. Mpigaji anausaka mlio wa juu kabisa, anatuliza pumzi, anafyatua. Jaribu nawe ukiwa umefumba macho. Utaacha kumwonea huruma.

Wewe utakaa kando, umwekee risasi na kumwambia ilipotua. Wengi hutumia uso wa saa: “umepiga pointi tisa, upande wa saa tatu.” Hapo Waswahili tuna kazi ya ziada. Kwetu saa tatu asubuhi mshale uko kwenye 9, kushoto. Kwa Mwingereza saa tatu ni kulia. Kubalianeni kabla ya risasi ya kwanza, la sivyo atahama upande usiofaa jioni nzima.

Mke wangu anasema kumpa kipofu bunduki ni wazimu.

Mwambie ninayemwogopa ni yule mwenye macho mazima anayegeuka na bunduki mkononi ili apigwe picha. Rafiki yako atakuwa na msaidizi ubavuni, mtutu ukielekea mbele muda wote, kidole nje ya kifyatulio mpaka awe tayari. Kabla ya hapo, mpe bunduki tupu aipapase yote, kuanzia kitako.

Tumealikwa kwenye uwanja wa bunduki za baruti. Kuna tofauti?

Kubwa, na wengi hawaifikirii. Mlipuko wa bunduki ya baruti huweza kupita desibeli 140, kwa hiyo vikinga masikio ni lazima. Lakini ukimziba masikio asiyeona, umemzima taa ya pili. Hasikii amri ya kusimamisha, wala hajui nani yuko nyuma yake. Azima vikinga vya umeme, vinavyopitisha maneno na kukata mshindo. Hata hivyo wekeaneni ishara za mguso: kumgonga bega mara moja ni endelea, mkono mzima begani ni acha. Usimguse mikono akiwa analenga. Mkitembea, yeye ndiye ashike kiwiko chako, usimburute.

Mimi naona kwa shida tu, si kipofu. Kuna faida kujaribu?

Im Dong Hyun wa Korea Kusini ni mpiga upinde, si bunduki, lakini atakufaa. Jicho lake la kushoto linasoma kwa futi 20 kile ambacho wengine wanakisoma kwa futi 200. Olimpiki ya London 2012, kwenye duru ya kupanga nafasi za wapigaji, alipata pointi 699 kwa mishale 72, rekodi ya dunia wakati huo, toka mita 70.

Tunahitaji leseni?

Uingereza na Wales, bunduki ya upepo isiyozidi nguvu ya joule 16 hivi haihitaji leseni kwa mtu mzima. Uskoti ni tofauti: tangu mwisho wa 2016 kuimiliki kunahitaji cheti. Kama mnavuka mpaka, pigieni simu klabu kwanza.