Kuhamia kwenye boti ya tanga Ziwa Kivu mkiwa na miaka hamsini

Watoto wamekwenda zao, nyumba ya Muhumba, hapa Bukavu, imebaki kubwa mno, na ninyi wawili mmeanza kuongelea kuishi kwenye boti ya tanga. Wazo si baya. Ila nyumba msiiuze. Ipangisheni mwaka mmoja kwanza.

Boti ipimwe kwa mikono ya yule mwenye nguvu kidogo kati yenu, maana iko siku ataiendesha peke yake, mwenzake amelala na malaria. Mita nane au tisa zinatosha. Boti ya hivyo inataka nanga ya kilo 15, mnyororo wa milimita 8 wenye urefu wa mita 10 (kilo 14 nyingine), halafu kamba. Kabla ya kulipa, fungeni mzigo wa kilo 30, kila mmoja aupandishe kwa kamba hadi ghorofani. Mmoja akishindwa, wekeni winchi ya mkono.

Nanga ndiyo inayosumbua zaidi Kivu. Kanuni inayojulikana ni kamba mara tano ya kina: maji mita 10, ongeza mita moja hadi omo (mbele ya boti), toa mita 55. Lakini sehemu nyingi za Bukavu na kisiwa cha Idjwi, chini kunateremka ghafla. Ukitupa nanga karibu na ukingo, upepo wa usiku ukashuka milimani na kukusukuma nje, nanga inavutwa kuelekea bondeni. Inang'oka, boti inaondoka nayo ikining'inia, na ninyi mmelala. Fanyeni kinyume: tupeni nanga upande wa ziwani, rudini nyuma polepole tezi (nyuma ya boti) ikielekea nchi kavu, mfunge kamba mbili kwenye miti miwili iliyoachana. Hapo nanga inavutwa kupanda mteremko, na kila ikivutwa inazidi kuchimba. Upande wa Goma, pale kamba inapogusa lava, ivisheni kipande cha mpira wa bomba, la sivyo asubuhi itakuwa imelika.

Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hutuama kwenye ngama, chini kabisa ndani ya boti, jinsi mazuku, ile hewa nzito ya sumu itokayo ardhini, yanavyotuama mabondeni. Chupa ikae juu, nje, ndani ya sanduku lenye tundu chini linalotoka nje ya boti. Mbabula ya makala isiingie chumbani hata kwa baridi ya Julai. Na kwenye ghuba zilizojifunga upande wa Sake, usiku usio na upepo, msilale, kwa ajili ya hayo mazuku.

Umeme ni hesabu tu. Friji ndogo ya volti 12 hula kama watisaa 500 kwa siku. Betri ya risasi ya ampea-saa 100 inabeba 1,200, ila ukivuka nusu mara kwa mara unaiua. Kwa hiyo betri mbili na pano ya jua ya wati 200. Wiki za mawingu, zimeni friji, mle sambaza, samaki wadogo wa ziwa, wa siku hiyo hiyo.

Wavuvi wa hao sambaza wako ziwani usiku, mitumbwi mitatu imeunganishwa. Taa zao mtaziona. Miti mirefu ya mitumbwi na nyavu hamtaviona. Wapisheni mbali.

Ngazi ishuke sentimita 60 chini ya maji, na aliyeanguka aweze kuifungua akiwa majini. Fanyeni mazoezi kwa zamu, mchana, na jile zenu za kuelea mwilini: mume aruke, mke peke yake ashushe tanga na kuirudisha boti, kisha mbadilishane. Ikiwa mmoja hawezi kumpandisha mwenzake, fungeni kapi mlingotini kwa kazi hiyo kabla ya kulala botini usiku wa kwanza.