Sikuwasahau, nilikuwa ninaumwa

Mudogo wangu Bahati, voisi yako nimeisikiliza mara tatu. Unasema pale kwenye boti za kwenda Goma watu wanahadithia kwamba baharia hana shida: chakula bure, kitanda bure, daktari yuko melini. Na kwamba nilikata pesa ya mama kwa sababu nimeoa mzungu.

Daktari gani? Mkataba wa kimataifa wa kazi za baharini wa 2006 unalazimisha daktari pale tu meli inapobeba watu 100 au zaidi kwa safari ndefu. Sisi wa mizigo tulikuwa 21. Aliyetutibu ni ofisa wa pili, mwenye sanduku la dawa, kitabu cha tiba cha Shirika la Afya Duniani na redio ya kumuuliza daktari wa nchi kavu. Nilikohoa wiki 5 uso ndani ya mto wa kulalia, maana niliogopa kunyang'anywa cheti cha afya. Kijana wa Ufilipino niliyelala naye chumba kimoja, baba wa watoto watatu, alivuta hewa yangu usiku wote huo. Hilo linaniuma kuliko pesa.

Antwerp, Ubelgiji, wakanishusha. Kifua kikuu. Vidonge miezi 6, mkojo unatoka rangi ya chungwa. Sasa sikia: mkataba uleule unaruhusu mwenye meli awekewe kikomo cha wiki 16 kwa matibabu na mshahara wa mgonjwa aliyeshushwa. Wangu hakuongeza hata siku moja. Dawa zilibaki za wiki 10, kodi ya chumba inanisubiri, baridi inanisubiri. Ndiyo miezi ile mama hakupata kitu. Nilimdanganya kwamba benki ina matatizo. Sikuoa mtu.

Usije, Bahati. Lakini najua minervali, ile karo ya shule, ya watoto wa dada inavyokubana, na mimi mwenyewe nimerudi melini. Basi ukija, pima kifua kabla ya kusaini, kwa sababu ugonjwa uliouficha siku ya kusaini mwenye meli anaweza kukataa kuulipia. Ukiugua njiani, sema siku ileile, na uhakikishe wameandika.

Kwenye voisi yako nimesikia ukikohoa. Kama kikohozi kimepita wiki mbili, kesho asubuhi nenda kituo cha afya hapo Kadutu, Bukavu, wapime makohozi. Dawa za kifua kikuu kwetu ni za bure. Ukitoka huko nipigie, hata kama ni usiku.